Triga ya Fidélie

Watu wa Kashikishi watakwambia Fidélie alikuwa na kiburi. Mimi nilifanya kazi ukuta kwa ukuta naye, yeye ndani ofisini na mimi nje na jenereta, na nasema hivi: kama kile kilikuwa kiburi, basi sisi wengine kilitupungukia.

Naitwa Ilunga, fundi wa injini za boti. Nilivuka ziwa kutoka Kongo zamani, kabla ya vita, kwa hiyo Wazambia wameshazoea uso wangu. Ushirika wa wavuvi ulinipa kibarua cha kuangalia jenereta, kwa sababu umeme wa upande wetu ulikuja ulipopenda, na ushirika ulikuwa na kompyuta. Moja tu. Waliileta watu wa mradi kutoka Lusaka, wakapiga picha nayo, wakaondoka. Baada ya hapo ilikaa imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua. Mwenyekiti wetu, Bwana Chola, alipopata wageni aliwaonyesha kitambaa.

Fidélie alifika mwaka 1998, vita vilipoanza tena kule Kongo. Alivuka na boti ya wauza chumvi, yeye na binti yake Bénie na begi moja. Alikuwa amesoma mambo ya kompyuta Lubumbashi na kufanya kazi hiyo kwa miaka, lakini nani alijua? Sisi tuliona mama mwembamba anayeuza mandazi kwenye baraza ya ofisi. Siku moja aliingia ndani kudai chenji yake, akaona kile kitambaa, akakinyanyua bila kuomba ruhusa.

"Ba Cheyamani," akamwambia mwenyekiti, "hii mashini munaifunika juu ya nini? Inasikia baridi?"

Sote tuliokuwapo tulicheka. Chola hakucheka, ila alikuwa mtu mwenye hesabu zake kichwani. Alimwambia aiwashe kama anaweza. Aliiwasha. Juma lililofuata mandazi yalikuwa yanauzwa na mtu mwingine, na Fidélie alikuwa na kiti.

Lazima nieleze ushirika wetu ulivyokuwa, la sivyo hutaelewa ugomvi wenyewe. Kila boti ilikuwa na namba iliyopakwa rangi ubavuni, na namba hiyo ilibeba mambo matatu: jina la mwenye boti, fungu lake la barafu kule ghalani, na nafasi yake pale bandarini. Bila barafu, samaki wako wanaoza kabla malori ya miji ya migodi ya Copperbelt hayajafika. Bila nafasi, unasukumwa mpaka kwenye matete ukauze kwa mbu. Sasa mambo hayo matatu yaliandikwa mahali patatu na watu watatu ambao hawakusalimiana. Mtu akiuza boti, jina lilibadilishwa hapa na kusahauliwa kule. Mnunuzi anakwenda kuchukua barafu, anaambiwa fungu ni la yule aliyeuza. Niliwahi kuona wanaume wawili, wote wazee wa kanisa, wakipigana kwa makasia juu ya kipande cha barafu kilichokuwa kinayeyuka katikati yao.

Fidélie aliingiza yote katika kompyuta. Alitengeneza jedwali la wanachama, jedwali la maboti, la barafu, la nafasi. Kisha akaweka kitu alichokiita triga, kwa lugha ya mashine inayoitwa SQL. Nilimuuliza triga ni mnyama gani. Alikuwa na subira na mimi, labda kwa sababu nilikuwa mtu wa kwetu.

"Papa Ilunga, unajua mutego ya panya? Panya anagusa kamba, jiwe inaanguka yenyewe. Hakuna mutu anaikala pale kuishikilia. Triga njo vile. Minabadilisha jina moja pa tablo ya mabwato, na mashini inaangusha zingine yenyewe. Barafu inafwata, nafasi inafwata. Siandike mara tatu."

"Na kama ule anagusa kamba amekosea?"

"Inaanguka vilevile. Haiko na macho."

Siku mzee Sampa alipouza boti yake, Fidélie alibadilisha jina moja tu asubuhi. Mchana Sampa akaenda ghalani kama kawaida yake, na mkokoteni, kuchukua barafu ya boti ambayo si yake tena. Akakuta karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ina jina la mnunuzi. Alisimama pale na mkokoteni mtupu akiuliza nani amemsaliti. Hakuna aliyemsaliti. Tulifurahi sana, na Chola alitembea bandarini kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyetengeneza.

Ndipo akataka triga nyingine.

Upande huu wa ziwa, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanaume akifa, jina lake hurithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada. Wanamkalisha mkekani, wanampa maji anywe, na tangu hapo anaitwa kwa jina la marehemu. Ni desturi nzuri, mimi sina ugomvi nayo. Inapendeza kusikia jina la mtu halifi. Lakini watu walikuwa wamezoea kufagia na vitu vingine pamoja na jina. Boti, nyavu, baiskeli, kitanda. Mjane anabaki amekaa katikati ya nyumba tupu na kanga aliyoifunga kichwani wakati wa kilio. Chola alitaka kompyuta ifanye kazi hiyo: kila mwanachama ataje mpwa wake, na siku ofisi ikiandika "marehemu" mbele ya jina, boti iende kwa mpwa yenyewe, na barafu, na nafasi.

"Na bibi ya marehemu?" Fidélie aliuliza.

"Bibi iko na bandugu yake," Chola alijibu.

Fidélie aliandika. Alikuwa mgeni, hana karatasi, na Bénie alikula kutokana na kiti kile. Aliandika amekaza midomo, na siku ile hakunisalimu wakati wa kutoka.

Kwa muda triga ile ilikaa kimya. Kisha akafa Levy.

Levy alikuwa mvuvi wa hapa Kashikishi, mtu wa vichekesho, asiyejua kugombana. Alioa mwanamke wa kwetu, Berthe, mfanyabiashara. Boti waliyokuwa nayo ilikuwa ya Berthe, na hilo bandari nzima ililijua. Ni yeye aliyevuka na vitenge na mafuta ya mawese, akarudi na samaki, akavuka tena, mpaka akanunua mbao. Maseremala walipokuwa wanaitengeneza, Berthe alikaa pale kwenye stuli akigonga kila ubao kwa kidole, na ule uliomtilia shaka aliutupa pembeni. Levy alikuwa anapita na kusema, "Mimi nitaulizwa tu wakati wa kupiga kasia." Lakini ushirika haukuandika wanawake katika jedwali la maboti. Kwa hiyo boti iliandikwa Levy.

Alikufa kwa homa, wakati ziwa limefungwa. Kila mwaka wakati wa mvua serikali inakataza kuvua ili samaki wazae, na nyavu zote zinalala. Tulimzika, tukalia, Davison akakalishwa mkekani. Davison ni mpwa wake, mtu mzima mwenye familia, si mtu mbaya. Alipokea jina la mjomba wake kwa heshima. Watoto wanne wa Berthe walimshika mkono.

Siku chache kabla ya ziwa kufunguliwa, Chola alikuja ofisini na Davison nyuma yake. Nilikuwa natia mafuta kwenye jenereta, dirisha liko wazi, nikasikia kila neno.

"Mama Bénie, andika Levy amekufa."

Fidélie aliweka mikono mapajani. "Hapana, ba Cheyamani."

"Hapana nini?"

"Ile bwato iko ya Berthe. Weye unajua, miye minajua, hata samaki banajua. Nikiandika ile neno, mashini itamunyanganya yote mara moja. Bwato, barafu, nafasi. Batoto bane batakula nini?"

"Mutu tulimuzika! Weye mwenyewe ulikuwa pa kaburi!"

"Mulimuzika kule. Humu ndani hamukumuzika bado."

Davison alikuwa anaangalia viatu vyake. Chola alicheka kidogo, kama mtu anayetaka kuamini anataniwa. Kisha akaona si utani, akapiga meza, akatoka.

Basi ziwa likafunguliwa na Levy bado yuko hai katika kompyuta. Berthe aliajiri wavuvi wawili, boti ikatoka mpaka karibu na Kilwa, kisiwa cha humuhumu ziwani, ikarudi imejaa. Karatasi ya barafu ikatoka: Levy, fungu lake. Karatasi ya nafasi ikatoka: Levy, mahali pake pa zamani. Kila asubuhi marehemu alipokea barafu nyingi kuliko wazima wengi. Watu walianza kumsalimia. "Levy ameamukaje leo?" wanamuuliza mshika ghala, naye anajibu, "Ameamuka muzuri, ameshachukua yake."

Asubuhi moja Fidélie alipokuwa ameleta karatasi ghalani, Chola alifika mbele ya watu wote, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mama Bénie! Unapatia maiti barafu?"

"Ndiyo," Fidélie akajibu. "Na anavua kupita weye."

Ghala lote lilipasuka. Mimi nilikuwa natengeneza injini ya boti hapo kando, nikacheka mpaka spana ikaniponyoka ikaanguka majini, na sijaipata mpaka leo. Lakini nilimtazama Fidélie, na yeye hakuwa anacheka. Alikuwa na hasira ya kweli, na mwenye hasira ya kweli hafurahii vichekesho vyake mwenyewe.

Kesho yake Chola alimfuata ofisini kumaliza maneno. Alimwambia hana karatasi za kukaa nchi hii. Alimwambia anaweza kumpeleka polisi yeye na binti yake, warudishwe ng'ambo kwenye risasi. Alimwambia mgeni hafundishi watu desturi yao. Hilo la mwisho lilinichoma hata mimi, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Fidélie alimwacha amalize.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa nisikilize. Kwetu haiko desturi yenu. Kwetu mutoto iko ya baba. Na siku bwana yangu alikufa pale Lubumbashi, njo bandugu yake balikuya, asubui, kilio haijaisha. Balikamata kitanda, balikamata redio, balikamata mashini ya kushona yangu. Chungu ilikuwa pa moto na maharagi. Balimwanga maharagi inje, balikamata chungu. Donc, basi, usiniambie ni desturi yenu ao ni desturi yetu. Ni mikono tu. Na hakuna mutu, hata moja, aliniuliza: Fidélie, weye unasema nini? Hata moja! Sasa munataka miye, na hizi vidole, nimufanyie Berthe vilevile? Non. Unifukuze. Lakini sitagusa ile kamba."

Chola alitazama mlangoni. Nadhani kama angekuwa peke yake angeachia hapo, lakini Davison na wazee wawili wa kamati walikuwa mlangoni, na mwenyekiti hawezi kushindwa na muuza mandazi mbele ya kamati.

"Kubonyeza ni kazi ya nini?" akasema. "Hata miye nitabonyeza. Siku ya mukutano, mbele ya kamati yote. Utaona."

"Karibu," Fidélie akasema.

Siku zilizobaki kabla ya mkutano aliniomba jenereta ichelewe kuzimwa mchana. Nilimpa mafuta kutoka kwenye dumu langu mwenyewe. Alikuwa anaandika, anafuta, anaimba wimbo wa kanisani puani, anaandika tena. Nilichungulia dirishani.

"Unautoa ule mutego?" nikauliza.

"Hapana, Papa Ilunga. Minaufundisha kuuliza."

Alinieleza. Katika jedwali la maboti aliongeza sehemu mbili: jina la mjane, na jibu lake. Sasa mtu akiandika "marehemu", triga inatazama kwanza kama kuna jibu. Jibu likikosekana, inakataa neno lote, inalirudisha kama halikuandikwa. Mjane akijibu ndiyo, boti inakwenda kwa mpwa kama zamani. Akijibu hapana, inakwenda kwa mjane, na barafu inafuata, na nafasi inafuata.

"Kwa Berthe tu?"

"Kwa bote."

Jioni tulikwenda pamoja kwa Berthe, kwenye vichanja vya kukausha samaki. Alikuwa anageuza samaki mmoja mmoja, uso umemvimba kwa moshi na kulia. Fidélie alimwambia aje ofisini siku ya mkutano, ataulizwa neno moja.

"Nikisema hapana, ukoo ya Levy itanitupa," Berthe akasema. "Na ku desturi yao, Davison njo baba ya batoto yangu sasa. Batoto batabakia na nani?"

"Sijue," Fidélie akasema. "Sitakudanganya."

"Na weye? Batakufukuza kazi."

"Miye njo najua ile yangu. Weye ufikiri yako."

Berthe aligeuza samaki mwingine. Tulirudi bila kujua atasema nini, au kama atakuja. Niseme ukweli, nilimkasirikia Fidélie njiani. Nilimwambia amejenga nyumba yote juu ya neno la mwanamke mwenye hofu. Alinijibu kwamba hata hofu ina haki ya kuulizwa, na akaongeza mwendo akaniacha nyuma.

Siku ya mkutano ofisi ilijaa. Kamati kwenye mabenchi, watu madirishani, wauza samaki wamekaa barazani na beseni zao wakijifanya wanapumzika. Chola alivaa koti la arusi. Alikaa kwenye kiti cha Fidélie, akavaa miwani, akaanza kutafuta herufi moja moja kwa kidole. Fidélie alisimama pembeni, akamwonyesha jina la Levy liko wapi, kwa adabu kabisa. M. A. R. Herufi zilikuja moja moja, na kwa kila moja alikohoa. Alipomaliza, akatazama watu, akabonyeza.

Mashine ililia tii. Maneno yakatokea katikati ya kioo: MUJANE HAJAULIZWA.

Chola akavua miwani, akaifuta, akaandika upya. Tii. MUJANE HAJAULIZWA. Mmoja wa wazee wa kamati aliyasoma kwa sauti, polepole, na akina mama wa barazani wakayachukua wakapelekeana mpaka chini bandarini.

"Imeharibika," Chola akasema.

"Haijaharibika," Fidélie akasema. "Inakuambia kazi ya kufanya."

"Ilunga!" Chola akapiga kelele dirishani. "Zima jenereta! Izime, uiwashe tena!"

Nilimsikia vizuri sana. "Sisikie, ba Cheyamani!" nikamjibu. "Injini inapiga makelele!"

Hapo watu wakacheka, na kicheko kile kilimfanya Chola asimame. Akamgeukia Fidélie. "Kamati haikukubali hii kintu! Nani alipitisha?"

"Na kamati ilipitisha siku gani kwamba mujane asiulizwe?" Fidélie akajibu. "Munionyeshe. Hata sheria ya inchi yenu inapatia bibi na batoto fungu yao. Nani alipitisha ile ingine?"

Wazee walitazamana. Hakuna aliyekumbuka siku hiyo, kwa sababu haikuwahi kuwapo.

Aliyemaliza jambo lile hakuwa Chola wala Fidélie. Alikuwa Davison. Alisimama kutoka benchi, mtu mkubwa, kofia mikononi, na akatazama mlangoni. Berthe alikuwa pale. Sijui alifika saa ngapi. Mikono yake ilikuwa bado myeusi kwa moshi.

"Mama Berthe," Davison akasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni kinachojikwaa, "mashini anasema tukuulize. Basi miye nakuuliza. Ile bwato, weye unasema nini?"

"Davison," Berthe akasema, "jina ya mujomba yako ukamate. Ni yako, na inakufaa. Batoto yangu ni batoto yako, usibatupe sababu ya mbao. Kuya ku nyumba, ule, ubaone. Lakini bwato, hapana." Akaweka mkono kichwani. "Mbao ya kwanza nilibeba ku kichwa yangu, na mutoto yangu Camille ndani ya tumbo. Hapana. Minasema hapana!"

Mara ya mwisho alipiga kelele, na nadhani alijishtua mwenyewe. Davison alikubali kwa kichwa mara moja, akakaa. Sikuona hasira usoni pake. Niliona mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuuomba.

Fidélie alimvuta Berthe kwa mkono mpaka kwenye kiti. Chola alikuwa bado amesimama mbele yake, ikabidi asogee. Fidélie akamwonyesha herufi mbili, N ya ndiyo na H ya hapana, akarudi nyuma asimguse. Berthe akaweka kidole chake cheusi juu ya H. Ikaingia. Fidélie akaandika "marehemu", akabonyeza, na safari hii mashine haikulia.

Triga ikaanguka. Fidélie akafungua majedwali, moja baada ya jingine, akasoma kwa sauti ili na barazani wasikie. Maboti: Berthe. Barafu: Berthe. Nafasi: Berthe. Jedwali lile lilikuwa halijawahi kuwa na jina la mwanamke tangu lianze. Nililia pale nje na jenereta yangu, na sioni haya kusema. Berthe naye alilia, lakini kwa ajili ya Levy, kwa sababu sasa hata humu ndani alikuwa amekufa.

"Toka ofisini mwangu," Chola akamwambia Fidélie.

"Minatoka," Fidélie akasema, akachukua sweta yake kwenye msumari. "Ukitaka kuiondoa ile triga, uite mutu. Lakini ukimuita, umuambie mbele ya hawa bamama ni kwa nini unaiondoa."

Hakumwita mtu. Polisi pia hawakuja; mkubwa wao alikuwa mteja wa Berthe, na samaki mzuri hutuliza mengi. Lakini kazi Fidélie aliipoteza kweli, na sitaki mtu afikiri hilo ni dogo. Ofisi ilimpata kijana kutoka mjini Mansa anayejua kuandika majina na hajui zaidi. Fidélie alikwenda kwenye vichanja, kukausha samaki pamoja na Berthe. Mikono iliyozoea kompyuta ilipasuka kwa chumvi. Bénie alikaa muhula mzima bila kwenda shule. Nilipomwambia akaombe msamaha arudishwe, alinitazama kama nimemtukana mama yake, na kusema kweli nilistahili.

Mwaka uliofuata akafa Bwalya, mwanachama wetu. Mkewe ni Jessy, Mzambia wa hapahapa. Yule kijana wa Mansa aliandika "marehemu" na mashine ikamkatalia. Basi nilimwona Bwana Chola, na koti lake la arusi katika jua lile, anapita bandarini, anapita ghala la barafu, anakwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Jessy. Alibisha hodi. Alipewa kigoda kifupi, akakaa magoti karibu na kidevu, na akauliza. Niliona kwa macho yangu, kwa sababu nilimfuata makusudi.

Jessy alifikiri muda mrefu. Kisha akasema boti iende kwa mpwa.

Niliumia moyo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye vichanja, nikamkuta Fidélie amejifunga kitambaa mdomoni kwa sababu ya moshi, nikamwambia yote kwa pupa: Jessy ameitoa boti, ameipa ukoo, kazi yote ile, kiti chako, shule ya Bénie, kumbe ni bure. Nilingoja alipuke. Nilitaka alipuke, ili tukasirike wawili.

Alishusha kile kitambaa.

"Balimuuliza?"

"Balimuuliza," nikasema. "Chola mwenyewe. Alikaa chini akamuuliza."

"Na alijibu ye mwenyewe?"

"Ye mwenyewe."

"Basi," Fidélie akasema, akarudisha kitambaa mdomoni, akaendelea kugeuza samaki.